Kuunganisha makundi mawili ya nyuki kabla ya kiangazi

Mwezi wa tano, mvua zinapoanza kukatika Kabare na Walungu, karibu na Bukavu, mashariki mwa Kongo, fungua mizinga yako yote na uhesabu kadre, yaani fremu za mbao zinazobeba masega, zilizofunikwa na nyuki pande zote mbili. Katika mzinga wa Langstroth (wa masanduku yanayopangwa juu kwa juu) wenye kadre kumi, kundi linalofunika saba au nane lina nguvu. Linalofunika nne liko mashakani. Linalofunika tatu au pungufu lisiachwe peke yake kuingia kiangazi cha Juni hadi Agosti: nondo wa nta watalimaliza, au nyuki wa mzinga wa jirani watalipora, au litahama asubuhi moja na kukuachia masega matupu. Dawa yake ni kuliunganisha na kundi lenye nguvu kungali mapema, karatasi ikiwa kati yao mpaka harufu zao zichanganyike.

Wafugaji wengi wanaona uchungu kupunguza idadi ya mizinga. Mwenye sita anataka ibaki sita. Lakini kundi dogo nalo lina mabuu ya kulisha, lina majana, yaani watoto wa nyuki waliomo kwenye vitundu vya sega, ya kupasha joto la nyuzi 34 hadi 35 hata usiku wa baridi wa milima ya Bukavu, na lina mlango wa kulinda. Kazi hizo zinawabakiza vibarua (nyuki wafanyakazi) wengi ndani, na wanaotoka kutafuta maua ni wachache. Nyuki 40,000 walio chini ya malkia mmoja wanaleta asali nyingi kuliko makundi mawili ya 20,000.

Kwanza jua kilicholidhoofisha

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kabla hata karatasi haijashikwa. Ukiunganisha kundi gonjwa na kundi zima, unapata mizinga miwili yenye ugonjwa ndani ya sanduku moja.

Anza na majana yaliyofunikwa. Mazuri yana vifuniko vikavu, vya rangi ya kahawia nyepesi, vilivyotuna kidogo, na yanajaza sega bila mapengo mengi. Ukiona vifuniko vilivyozama, vyeusi-vyeusi au vilivyotoboka, na harufu mbaya inapanda, chukua njiti ya kibiriti. Ingiza ndani ya kitundu, koroga, kisha vuta polepole. Ute wa kahawia ukivutika uzi wa sentimita 2 au zaidi kabla ya kukatika, hiyo ni dalili ya loki ya Kiamerika, ugonjwa wa bakteria unaoozesha majana. Kundi hilo haliunganishwi na lolote. Punguza mlango, usihamishe kadre hata moja kwenda mzinga mwingine, mwite fundi wa mifugo, na masega yake yachomwe ndani ya shimo. Mbegu za ugonjwa huu zinakaa hai ndani ya mbao na masega kwa zaidi ya miaka 35, kwa hiyo sanduku lake lisihesabiwe kuwa mali ya kutumia tena kesho yake. Njiti uliyotumia nayo itupwe motoni, na patasi ipitishwe kwenye moto kabla ya kugusa mzinga mwingine.

Kisha fungua majana machache ya madume utafute varoa, kadudu kekundu-kahawia kenye upana wa milimita moja na nusu hivi. Kuwaona wachache si sababu ya kuacha. Lakini wakijaa karibu kila kitundu, na nyuki wanazaliwa na mabawa yaliyokunjamana, kundi hilo litawapelekea wenzake mzigo.

Likiwa na njaa tu, yaani majana ni safi, malkia anataga, ila hakuna asali, lilishe kwanza. Kilo moja ya sukari kwa lita moja ya maji, ndani ya mzinga, jioni. Mara nyingi kundi hilo linainuka lenyewe na kazi ya kuunganisha inakuwa haina haja. Usilishe nyuki asali ya sokoni usiyoijua ilikotoka, maana loki inasafiri ndani ya asali.

Malkia yupo au hayupo?

Swali hili linastahili subira kuliko mengine yote. Huna haja ya kumwona malkia mwenyewe. Tafuta mayai: simama jua likiwa nyuma ya bega lako, inamisha kadre, tazama ndani kabisa ya vitundu. Yai linaanguliwa baada ya siku 3, kwa hiyo ukiliona, malkia alipita hapo ndani ya siku hizo.

Ukikosa mayai, usikimbilie kusema hakuna malkia. Huenda yumo malkia mchanga ambaye hajaanza kutaga, na mwenyewe ni mdogo, mwepesi, hujificha. Ukiunganisha kundi hilo na mzinga mwingine, anaweza kumwua malkia wako mzuri, au nyuki wakamgeuka mmoja wao bila wewe kujua. Fanya mtihani. Toa kutoka mzinga wenye nguvu kadre moja yenye mayai na mabuu wadogo sana, wapangushe nyuki wote, iweke katikati ya kundi unalolishuku. Rudi baada ya siku 3. Wakianza kujenga seli za malkia (vitundu vikubwa vya kulelea malkia mpya) juu ya kadre hiyo, hawana malkia. Wasipojenga, kuna mmoja ndani. Subiri wiki mbili uangalie tena mayai.

Kuna pia kundi ambalo limekaa muda bila malkia hadi vibarua wameanza kutaga. Utaona mayai mawili, matatu, hata zaidi katika kitundu kimoja, mengine yamebandikwa ukutani kwa sababu tumbo la kibarua ni fupi na halifiki chini. Majana yanakuwa ya madume tupu, yametuna ndani ya vitundu vya vibarua, yametawanyika ovyo. Kundi la namna hii usiliunganishe na kundi dhaifu lingine, kwa kuwa linaweza kumwua malkia wake. Siku yenye maua, kung'uta nyuki wake wote hatua chache mbele ya mzinga wenye nguvu, ondoa kabisa sanduku lao la zamani, nao wataomba mlango mmoja mmoja. Masega yenye majana hayo ya madume yakate na kuyayeyusha.

Kusogeza mizinga ikaribiane

Nyuki wanaotoka nje wanakariri mahali, hawakariri sanduku. Ukihamisha mzinga mita 20 ndani ya shamba moja, kesho yake watarudi kwenye nafasi tupu na kufa hapo. Njia ni mbili. Sogeza kundi dhaifu chini ya mita 1 kila siku ambayo nyuki wametoka kuruka. Siku ya mvua haihesabiwi. Au lipeleke mbali, kilomita 5 na zaidi, wakajifunze mahali papya. Mwenye mzinga mmoja Katana na mwingine Walungu hana tabu: umbali unatosha kuwaleta moja kwa moja.

Kwa safari, funga mlango usiku kwa wavu, funga sanduku kwa mikanda ya mpira wa baiskeli, na upange kadre zielekee kule gari linakokwenda, zisiyumbe dereva akifunga breki kwenye mashimo. Masega mapya meupe hayavumilii barabara zetu. Yakiwa mengi, acha kwanza yakomae.

Makundi mawili yakishafika ubavuni mwa mwenzake, yaache yatulie siku tatu.

Vifaa

Andaa bomba la moshi na vitu vya kuchoma vinavyotoa moshi mweupe wa baridi, mfano maganda makavu ya mikalitusi au migunzi ya mahindi, patasi ya mzinga, mavazi kamili kwa watu wawili, sanduku dogo la kadre mbili au tatu, kijumba cha malkia, karatasi, sindano. Kijumba cha kununua kikikosekana, nunua bigudi ya plastiki (kibomba cha kusokotea nywele) kwa wauza vipodozi wa Kadutu, mjini Bukavu, chagua yenye matundu madogo yasiyopitisha nyuki, uzibe ncha zake kwa vipande vya mti laini.

Karatasi ya gazeti ndiyo bora, ukurasa mmoja mkubwa bila tabaka la pili. Ikikosekana, unganisha karatasi nne za A4 zikipishana sentimita 2, zigandishe kwa uji mzito wa unga wa muhogo: zinafunika sanduku la Langstroth, ambalo ndani lina sentimita 46.5 kwa 37.5 hivi. Karatasi ya fotokopi ni ngumu kuliko gazeti, kwa hiyo ongeza matundu. Usitumie karatasi ya mfuko wa saruji, ina tabaka nyingi na vumbi lake linachoma. Karatasi ya kalenda inayong'aa nayo iache, nyuki wanashindwa kuitafuna.

Jioni ya kwanza: malkia mmoja aondoke

Amua nani abaki. Tazama anayetaga kwa kujaza sega bila kuruka vitundu, ambaye nyuki wake hawakufukuzi hadi nyumbani, na ambaye kundi lake halina desturi ya kugawanyika kila msimu. Mara nyingi ni malkia wa kundi lenye nguvu.

Usiwaache malkia wawili wapigane wenyewe. Anayeshinda si lazima awe mzuri, na anaweza kutoka amevunjika mguu au bawa.

Mtafute yule wa pili, mkamate, lakini usimwue bado. Mweke katika sanduku dogo pamoja na kadre moja ya majana, moja ya asali, na nyuki waliopo juu yake, ulihifadhi pembeni na mlango wa upana wa kidole. Ndiye akiba yako kama jambo likiharibika. Wiki mbili zijazo utajua kama bado unamhitaji.

Kundi lililonyang'anywa malkia likae saa 24 hivi. Chini ya hapo bado wana harufu yake na hawajui kwamba wamempoteza. Ukizidisha siku kadhaa, watakuwa wamejenga seli za malkia na hawatamtaka mgeni.

Jioni ya pili: karatasi

Jua Bukavu linazama saa kumi na mbili hivi. Anza saa kumi na moja na nusu, nyuki wa nje wakiwa wengi wamerudi. Nyuki wetu ni wakali, kwa hiyo fahamisha majirani, ondoa mbuzi waliofungwa karibu, watoto wawe ndani. Giza likikukuta, funika tochi kwa plastiki nyekundu: nyuki hawaoni rangi nyekundu.

Kundi lenye malkia ndilo linakaa chini, mahali pake pa siku zote. Lipulizie moshi kidogo mlangoni, subiri dakika mbili, ondoa mfuniko. Sasa kwangua. Juu ya kadre za sanduku la chini kuna vilima vya nta na gundi ya nyuki, na chini ya kadre za sanduku litakalokuja juu kuna vipande vya masega vinavyoning'inia. Kimoja tu kikibaki kitatoboa karatasi wakati wa kushusha, na nyuki watakutana papo hapo kabla harufu zao hazijachanganyika. Pitisha patasi pande zote mbili mpaka uso uwe bapa.

Tandika karatasi ifunike sanduku lote na kukalia kuta zake pande zote nne. Upepo wa ziwa ukiisumbua, ilowanishe kingo kwa maji ya sukari. Itoboe kwa sindano matundu kumi hadi kumi na tano katikati. Tundu la penseli ni kubwa mno. Kazi ya karatasi ni kuchelewesha: wakati nyuki wanaitafuna kutoka juu na chini, siku moja hadi tatu, hewa ya mzinga inapita kwenye vitundu hivyo na harufu zinakuwa moja. Walinzi wanamtambua mgeni kwa harufu, na harufu ikishakuwa moja hakuna mgeni tena.

Sasa watu wawili wanyanyue sanduku la kundi lisilo na malkia, bila sakafu yake, na kulishusha wima juu ya karatasi. Msiliburute, hata sentimita mbili za kurekebisha zinapasua. Funika. Inua mfuniko kidogo kwa njiti ya kibiriti ili sanduku la juu lipumue, kwa kuwa halina mlango wake. Kama mfuniko ni wa bati, tandaza majani ya mgomba juu yake kabla ya jua la kesho, la sivyo nyuki wa juu wanaweza kukosa hewa na kufa kwa joto. Punguza mlango wa chini ubaki sentimita 5.

Ondoa kabisa kiti, mawe na kila alama ya mzinga uliohamishwa. Nyuki wake wakirudi kesho na kukuta patupu, watazunguka na kuingia kwa jirani.

Katikati ya kazi, harufu ya ndizi mbivu ikipanda kutoka mzingani, simama. Ni harufu ya tahadhari ambayo nyuki anaitoa anapochoma, na inawaita wenzake. Katika shamba la migomba ni rahisi kuipuuza. Puliza moshi, funika, subiri. Aliyechomwa aparuze mwiba haraka kwa ukucha. Akivimba uso au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Baada ya hapo

Usifungue. Siku ya kwanza na ya pili tazama mlangoni tu. Vumbi na vipande vya karatasi vikitolewa nje, kazi inaenda. Maiti chache si neno. Maiti za mamia, na nyuki wanaoburutana mbele ya mlango, maana yake karatasi ilipasuka mapema. Nyunyizia maji ya sukari yaliyochemshwa na mchaichai juu ya kadre za masanduku yote mawili. Wakilambana, hasira inapungua, na mchaichai una kiungo kilichomo pia ndani ya harufu ambayo nyuki wanaitumia kuitana nyumbani. Hiyo ni njia ya kuokoa. Kuitumia badala ya karatasi tangu mwanzo ni kubahatisha.

Nyuki wetu wanahama kwa kusumbuliwa kidogo tu. Ukiwa na wavu wa kuzuia malkia, uweke kati ya sakafu na sanduku la chini kwa wiki moja, kisha uutoe, kwa sababu madume hawapiti na maiti zao zinaziba njia.

Siku ya tatu inua mfuniko, usitoe kadre. Karatasi ikiwa bado nzima, ongeza matundu machache kwa sindano ndefu kutoka juu.

Siku ya saba kagua vizuri. Ondoa mabaki ya karatasi. Tafuta mayai. Pitia kadre za juu moja baada ya nyingine na uharibu kila seli ya malkia, hata ile ndogo iliyojificha pembeni mwa majana, kwa kuwa malkia wa dharura anaweza kutoka ndani ya siku 11 au 12 tangu yule wa zamani aondolewe. Usikawie kupita siku hiyo ya saba. Kisha panga: majana yote pamoja katikati ya sanduku la chini, chavua pembeni yake, asali pembeni kabisa na juu. Masega ambayo nyuki hawawezi kuyafunika yatoe, maana sega lisilo na mlinzi ni la nondo na la mende wa mzinga.

Ukikuta fundo la nyuki wamemzonga malkia hadi haonekani, usiwavute kwa vidole. Liangushe fundo zima ndani ya bakuli la maji, watamwachia. Mweke ndani ya bigudi, ncha moja uizibe kwa donge gumu la sukari ya unga lililokandwa kwa asali ya mzinga huo huo, umtundike kati ya kadre za majana. Vibarua watakula njia kumfikia kwa siku mbili au tatu. Akifa, ndipo yule wa akiba anapopata kazi. Asipohitajika, muue, urudishe kadre zake mbili kwenye mzinga kwa karatasi kama ilivyokuwa mwanzo.

Mzinga wa kenyane

Huu ni mzinga wa vijiti vya juu, wenye kuta zilizoinama. Kanuni ni zile zile, ila karatasi inasimama wima. Kundi lenye malkia libaki upande wa mlango. Chukua kijiti kitupu, bandika karatasi kwa nta, uikate ifuate mwinamo wa kuta na kubaki na sentimita 1 ya ziada kila upande, ikunje na kuibandika ukutani. Nyuma yake tundika masega ya kundi la pili kwa mpangilio ule ule waliokuwa nao, na kwa uso ule ule. Mzinga mwingine ukiwa na mwinamo tofauti, punguza kingo za masega kwa kisu badala ya kuyabana. Vijiti vyenye upana wa sentimita 3.2 vigusane vyote, pengo moja tu juu linawapa nyuki njia ya kupita bila kutafuna. Upande wa nyuma utobolewe tundu dogo la hewa lililozibwa kwa wavu.

Kundi lililo katika gogo lihamishwe kwanza katika mzinga wa kadre au wa vijiti, lipewe wiki mbili au tatu lishike masega, ndipo liunganishwe. Na makundi mawili yaliyotua mtini siku moja, ambayo bado hayana nyumba wala majana, yanaweza kung'utwa pamoja jioni bila karatasi, mradi umtoe malkia mmoja.

Sanduku lililobaki tupu likwangue, pitisha moto haraka ndani, lipake nta iliyoyeyuka kwenye kadre na chini ya mfuniko, ulihifadhi pakavu. Mvua za mwezi wa tisa zikirudi na parachichi na kahawa zikaanza kuchanua, litundike mita mbili au tatu juu ya ardhi mahali pa kivuli. Makundi yanayogawanyika yataanza kutafuta nyumba.